Kuku wa Kichina na firigisi ya baba mkwe

Jamani, kuna vyakula tumevifanya vya sikukuu bila sababu yoyote ya maana, na kuku wa Kichina ni kimojawapo. Mtu anasubiri siku yake ya kuzaliwa, anavaa, anapiga picha sahani kabla hajaigusa, analipa hela ya mboga ya wiki nzima, halafu alichokula ni kuku aliyekatwa vyembamba, karoti, hoho na soya sosi. Hicho kitu kikifika motoni kinaiva kwa dakika nane. Siwatanii. Kazi yote iko kabla ya hizo nane, na mimi leo nataka kuongelea hiyo "kabla", maana nyumbani kwangu imemaliza jambo ambalo maneno yasingelimaliza.

Kwanza tuache uoga. Mbona chainizi tunakula kila siku? Yale majani yenye shina jeupe, fungu zuri kabisa pale kwa mama wa mboga, tunayaunga na karanga au tui la nazi na hakuna anayesema leo nimekula Kichina. Tangawizi ipo, kitunguu swaumu kipo. Hata mafuta ya ufuta ambayo mgahawani yanafanya sahani inukie vile, ufuta unalimwa kwetu, Lindi na Mtwara huko, na Wachina ni kati ya wanunuzi wetu wakubwa. Tunawauzia mbegu halafu tunaenda kuinunua harufu kwa hela nyingi. Haya.

Mimi nilijifunzia Kariakoo. Kabla sijaolewa nilifanya kazi miaka miwili kwenye duka la Wachina la vigae na masinki, nilikuwa nakaa kaunta. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kidogo cha kupikia na mpishi wao, mzee mmoja ambaye wote tulimwita Shifu. Sio jina lake, ndivyo Wachina wanavyomwita fundi yeyote aliyeiva kwenye kazi yake, awe wa magari, wa mabomba au wa jikoni. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: bei, kilo, haraka, hapana. Lakini ikifika saa sita na nusu mchana, watu kumi na wawili wanasubiri, yule mzee anatoa mabakuli manne ya vyakula tofauti kwa muda ambao mimi natumia kumenya vitunguu.

Nikawa naenda kuchungulia. Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba kwenye moto hakai. Anakaa kwenye kibao. Asubuhi nzima yuko na kisu chake kipana kile kama panga, anakata, anapanga kwenye visahani, hiki hapa, hiki pale. Moto unawashwa mwishoni kabisa. Siku moja nikamuuliza kwanini, akanijibu kwa Kiswahili chake: "Kisu pika. Moto maliza tu."

Baadaye, kupitia kijana mmoja wa stoo aliyekuwa anajua Kichina vizuri, akanieleza kwamba alipokulia yeye kuni zilikuwa shida. Ukikata nyama vipande vikubwa unahitaji kuni za kutwa. Ukikata nyembamba, kuni za kiganja zinatosha. Na nyama yenyewe ilikuwa kidogo, watu wengi, kwahiyo inakatwa mpaka kila mtu aione. Mezani kwao hakuna kisu, wanakula kwa vijiti, kila kitu kinafika kimeshakatwa. Mambo ya kugawana yanaishia jikoni.

Kuna pishi lao moja maarufu sana la kule Sichuan, kuku na karanga na pilipili kavu, huku migahawani wanaliandika Kung Pao. Limebeba cheo cha bwana mkubwa mmoja, Ding Baozhen, aliyekuwa gavana wa Sichuan na akafariki mwaka 1886. Huwa nacheka peke yangu nikilifikiria. Pishi la gavana, lakini kuku amekatwa vipande sawasawa vidogo kama punje kubwa za karanga. Huyo gavana ukimkalisha mezani huwezi kumwonyesha kipande chake ni kipi.

Sasa njoo kwetu, ambako kila kipande cha kuku kina mwenyewe.

Mnajua ninachosema. Firigisi ni ya baba, hiyo hata haijadiliwi. Paja la mgeni, paja lingine la mtoto wa kiume mkubwa. Mama anachukua mgongo na anakwambia yeye anaupenda mgongo tangu zamani. Shingo na miguu inashuka chini huko, kwa watoto, kwa ndugu waliokuja kusaidiwa, kwa binti wa kazi. Mimi kuanzia darasa la nne mpaka la saba nimelelewa kwa ndugu, simtaji, na miaka yote ile nimekula shingo. Sina kinyongo, shingo ni tamu ukijua kuinyonya. Ila nilikuwa najua, na kila aliyekaa pale mezani alikuwa anajua, kwamba ile shingo inanitajia nafasi yangu ndani ya nyumba.

Kwahiyo nilipopata kwangu sikutaka hayo mambo. Tupo wanne na mtoto: mimi, mume wangu, shemeji anayesoma chuo, na binti wa miaka 19 anayetusaidia kazi, ambaye tunamwita dada kama nyumba nyingi za hapa mjini. Nyumbani kwangu kuku akipikwa kila mtu anapakua anachokifikia. Hakuna sheria iliyoandikwa, ndivyo tulivyozoea tu.

Mwaka huu baba mkwe akaja kutoka Singida. Alikuwa na miadi ya macho hospitali, akakaa wiki tatu. Akaja na tenga lenye kuku wawili wa kienyeji, maana mtu wa Singida hawezi kuja mjini mikono mitupu. Ni mzee mzuri, nasema ukweli. Anaamka kabla yetu, anafagia uwanja. Nikirudi kazini ananiambia, "Kaa kwanza mwanangu, foleni inachosha kuliko jembe." Sijawahi kusikia neno baya kutoka kwake.

Jumapili ya kwanza tukamchinja kuku mmoja. Kienyeji wa mchuzi, nilimpika karibu masaa mawili, nyumba nzima inanukia. Nikaweka sufuria mezani, baba mkwe akachukua upawa. Kwa upole kabisa, kama mtu anayefanya kazi aliyoifanya maisha yake yote. Firigisi akaitia sahani yake. Paja, mume wangu. Paja, shemeji. Mimi nikapewa kidari, na hapo nikajua ameniheshimu. Mjukuu akapata bawa. Halafu akachota shingo na mchuzi na kiazi kimoja, akaita, "Binti, njoo uchukue."

Dada akapiga goti, akapokea sahani kwa mikono miwili, akasema asante babu, akaenda kulia jikoni. Siku zote anakula na sisi mezani. Hakuna aliyemfukuza, ile shingo ilimwelekeza mwenyewe.

Sikusema kitu, na naomba mtu asinifundishe kwamba ningesema. Mzee wa miaka 74, mgeni, mgonjwa, baba wa mume wangu. Namwambia nini mbele ya watoto wake, na ameshika upawa? Wa kusema alikuwa mume wangu, na mume wangu alikuwa bize na paja.

Jumanne nipo sebuleni, dada ananiita kutoka uani alikokuwa anafua. "Dada, njoo uone hiki." Alikuwa ameshika shati la baba mkwe, lile la Jumapili. Mfuko wa kifuani ulikuwa na karatasi laini imeviringishwa, ndani yake firigisi. Nzima. Imeng'atwa pembeni kidogo, alama za meno zimeishia juujuu.

Tulicheka, siwezi kudanganya. Halafu tukaacha kucheka kwa pamoja bila kuambizana. Baba mkwe hana magego. Nilikuwa naona anavyokula ugali, anaukatia upande wa mbele, anameza haraka. Na firigisi ya kuku wa kienyeji, hata umpike masaa mawili, bado ni kama raba. Kuila hawezi. Kuikataa hawezi, maana hiyo ndo cheo chenyewe. Na kumpa mtu mwingine mbele za watu ni sawa na kutangaza kwamba amestaafu. Mzee wa watu sijui ameficha firigisi ngapi mifukoni.

Dada akaniuliza, "Tumwambie kaka?" Nikamwambia hapana. Kesho tunapika kuku wa Kichina.

Sasa hapa ndo mapishi yenyewe, nifuateni.

Yule kienyeji wa pili nilimwacha bandani. Kwa pishi hili kienyeji hafai, na hii sio dharau. Kienyeji ametembea, ana miezi mingi miguuni, nyama yake inataka maji na muda. Pishi la dakika nane linataka kuku laini, yaani kuku wa kisasa, huyu wa wiki tano sita tunayemsema vibaya kila siku. Nilinunua mmoja kwa shilingi 9,000, na kwa muuzaji huyohuyo nikachukua firigisi nusu kilo. Nusu kilo, sio moja. Mtaona kwanini.

Firigisi Shifu alikuwa anazikata mbichi, anazipitisha motoni fasta, zinakuwa na mlio ukitafuna. Tamu sana, lakini kwa mtu mwenye meno. Mimi nilizitoa ile ngozi ngumu nyeupe ya pembeni, maana hiyo hailainiki hata ukeshe, nikazichemsha na kipande cha tangawizi na chumvi mpaka kisu kikawa kinaingia bila kusukuma. Zilichukua kama saa zima. Zikapoa, nikazikata nyembamba mpaka unaona mwanga upande wa pili.

Kuku nikamtoa mifupa, kidari na mapaja. Mifupa usitupe, ichemshe, hiyo supu yake utaitumia. Nyama iweke friza nusu saa ishikane kidogo, utaikata kama siagi. Halafu itazame vizuri. Nyama ina nyuzi, zinaenda upande mmoja kama mistari ya ubao. Kata kwa kuzikatiza hizo nyuzi, usizifuate. Ukizifuata mtu anatafuna kamba, ukizikatiza nyuzi zinakuwa fupi na meno hayapati kazi. Upana wa kidole kidogo, unene nusu yake, na vyote vifanane. Kimoja kikiwa kinene, ama hicho hakitaiva ama vingine vitakauka, uchague.

Dada alikata nusu, mimi nusu. Mkono wake ni mtulivu kuliko wangu. Vipande vyake vilikuwa kama vimepimwa na rula.

Halafu siri ambayo watu wanalipia mgahawani bila kujua: konfulawa. Ule unga mweupe unaoteleza kama poda, sio sembe, tafadhali. Kwa nusu kilo ya nyama weka kijiko kimoja cha chakula, soya sosi vijiko viwili, mafuta kijiko kimoja, maji kidogo, na beking soda robo kijiko cha chai. Robo! Ikizidi kuku anakuwa na ladha ya sabuni. Wachina wanatia na mvinyo wa mchele, nyumbani kwetu haupiti, kwahiyo mimi nakamulia maji ya tangawizi. Changanya kwa mkono kama unamsugua mtu mgongo, mpaka nyama inywe ile maji yote, acha dakika ishirini. Huo unga unatengeneza koti jembamba, kuku akifika kwenye moto mkali koti linaiva, ndani maji hayatoki. Ndo maana yule wa mgahawani anateleza mdomoni na wa kwako anakauka. Hakuna uchawi.

Mboga: karoti nyembamba za mshazari, hoho, kitunguu, na chainizi ambayo unaitenganisha shina na majani, maana haviivi pamoja. Kibao cha kuku kioshe na sabuni kabla hujawekea mboga, ama tumia kibao kingine. Kwenye kikombe changanya mchuzi wako kabisa: soya sosi vijiko vitatu, siki kimoja, sukari kijiko cha chai, konfulawa kijiko cha chai, na robo kikombe ya ile supu ya mifupa. Chumvi subiri, soya sosi ina chumvi ya kutosha kuudhi. Kila kitu kiwe mkononi, kwa sababu ukishaanza hakuna muda wa kwenda kutafuta siki kabatini.

Na moto. Hapa nina la kusema. Majiko ya migahawani yananguruma kama ndege, jiko lako la gesi la nyumbani haliwezi kufanana nalo. Ukijaza kikaangio nyama yote kwa mara moja, moto unazidiwa, kuku anatoa maji, unajikuta unachemsha. Pika nusu, toa, pika nusu nyingine. Lakini kuna kitu kizuri zaidi na unacho tayari: jiko la mkaa na karai. Lile karai la chuma la mviringo, la kukaangia chipsi na maandazi. Shifu alipoliona kwa muuza chipsi alilishika, akaligonga kwa kidole, akalirudisha kwa heshima. Hicho ndo chombo chao, tofauti ni mishikio tu. Linakaa kwenye jiko la mkaa kama limezaliwa hapo, na mkaa ukikolea vizuri ukapepewa, moto wake unapita gesi yako. Wenye gesi msinune. Mimi pia ninayo, lakini kwa pishi hili natoka uani.

Karai lipate moto mpaka lianze kutoa moshi mwembamba, ndo utie mafuta. Kuku anaingia, mtandaze, usimguse kwa muda wa kuhesabu mpaka thelathini apate rangi, halafu geuza geuza. Dakika mbili tatu. Chana kipande kimoja uangalie, ukiona wekundu ndani bado. Toa, rudia na nusu iliyobaki, toa. Mafuta kidogo tena, tangawizi na kitunguu swaumu vipige kelele sekunde chache tu, vikiungua vinachacha chakula chote. Karoti, shina la chainizi, kitunguu, hoho, dakika moja na nusu. Majani. Kuku anarudi, firigisi zinaingia, koroga kile kikombe maana unga unakaa chini, mwaga pembeni mwa karai. Mchuzi utang'aa na kushikana hapohapo. Matone ya mafuta ya ufuta ukishaepua, sio kabla. Wali uwe umeshaiva unasubiri.

Dada alikuwa anapepea, mimi nageuza, mtoto anapiga makofi mlangoni kwa sababu ya moshi.

Tukaweka bakuli moja kubwa katikati. Baba mkwe akanawa, akashika upawa kama kawaida, akauinua juu ya bakuli, akabaki nao hewani. Hakuna paja. Hakuna shingo. Akatazama upande huu, akatazama upande ule.

"Mwanangu, kuku yuko wapi?"

"Ndo huyo baba."

"Huyu?" Akainama na yale macho yake. "Huyu alikuwa na kesi?"

Shemeji akapaliwa na maji. Baba mkwe hakucheka. "Na firigisi?"

"Imo humohumo baba. Nimezikata nyembamba, zipo nyingi."

Kimya. Nawaambia ukweli, moyo ulikuwa unanidunda. Nilimwona anafikiria. Akachota, akajipakulia. Akachota tena, akamwekea mjukuu, akamwekea mume wangu, kila mtu upawa mmoja, na kila upawa ukitoka unatoka na vipande vyeusi vyeusi vya firigisi. Wa mwisho alikuwa dada, alikuwa bado amesimama mlangoni na pepeo lake. Upawa ukatoka na firigisi tatu nne juu kabisa, zimekaa zinaonekana. Baba mkwe akaziangalia. Ningeweza kuhesabu mapigo ya saa ya ukutani.

Akasema, "Kwahiyo leo sote wazee."

Akamsogezea dada sahani. Hakumwita aje kuichukua, aliisogeza pale mezani, mbele ya kiti. Dada akakaa.

Sijui kama alimaanisha nini, na sikuuliza. Mimi nilikuwa namwangalia anavyokula. Alichukua kipande cha firigisi, akakitia mdomoni, nikaona mkono wa kushoto unaenda kwenye mfuko wa kifuani, mazoea. Akatafuna na yale ya mbele. Akatulia. Akameza. Mkono ukarudi mezani. Halafu akaanza kuzitafuta kwenye wali, moja moja, kama mtu anayechambua mchele, tofauti ni kwamba yeye alikuwa anakula alichokipata. Akaongeza sahani ya pili. Mume wangu akanikonyeza akidhani baba amependa soya sosi.

Mpaka leo mume wangu hajui habari ya ule mfuko wa shati. Labda akisoma hapa. Baba mkwe mwenyewe hasomi vitu vya kwenye simu, na jina lake simtaji.

Wiki zile mbili zilizobaki tulipika ile ya Wachina mara tano. Mara mbili aliiomba mwenyewe, kwa kuzunguka, "Ule mkaa mliotumia siku ile umeisha?" Chakula kikiwa hivyo dada alikuwa anakaa kiti chake bila kuitwa. Shemeji naye akajifunza kukata, na nikamwambia chuoni huko asife njaa akila chipsi mayai kila siku.

Msidhani mambo yalikaa sawa yote. Jumapili ya mwisho alitaka yule kienyeji aliyebaki achinjwe, wa mchuzi, mzima mzima, na upawa akaushika yeye. Mapaja yalikwenda kulekule. Firigisi alimpa mjukuu wake wa miaka mitatu, akasema huyu ndo atanirithi, nikaichukua nikaikatekate isije ikamkaba. Dada akapata bawa. Alipopita nyuma yangu kupeleka vyombo akaninong'oneza, "Dada, nimepanda cheo," tukacheka kimyakimya jikoni mpaka machozi.

Juzi mama mkwe kanipigia. Salamu ndefu, mvua, bei ya alizeti, halafu akashusha sauti. Anataka kujua nilimlisha nini mzee, maana tangu arudi kila kuku akichinjwa anasimama mlangoni kwa jikoni anaelekeza kakateni nyembamba, kakateni kwa kukatiza. Karai analo. Mkaa anao. Akaniuliza konfulawa ndo kitu gani na kama inafanana na unga wa muhogo.

Nikamwambia asijaribu muhogo kwanza, namtumia ya kwake. Nimeshafunga paketi mbili na chupa ya soya sosi, nimeizungushia magazeti isivunjike njiani, inaondoka na basi la Ijumaa.